Meza ya kuchomelea ya kuanzia nyumbani: tafuta bapa kwanza, ukubwa baadae

Mtu akishanunua inveta (mashine ya kuchomelea) yake ya kwanza, pakiti ya rodi na helmeti, akifika nyumbani anatandika vyuma vyake chini uwani, anachuchumaa, anaanza kupiga cheche. Sina wa kumcheka maana mi mwenyewe nilianza hivyohivyo, nyumba ya kupanga, sakafu ya simenti, mguuni ndala. Nilikua naunga kastuli kadogo, nimeng'ang'ania kona moja mpaka chuma kimekua chekundu, mara pah! sakafu ikapasuka, kijipande cha simenti cha moto kikanirukia kwenye kifundo cha mguu. Zege hata likionekana kavu lina unyevu ndani, ukilipasha moto ghafla ule unyevu unageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na ukitoka unatoka na kipande. Kovu ninalo mpaka leo. Mwenye nyumba nae yale madoa meusi aliyaona, hiyo habari tuiache.

Baada ya hapo nikanunua meza. Nzuri tu, imepakwa rangi, miguu imenyooka, juu shiti ya milimita moja na nusu. Nikachomelea grili ya dirisha juu yake, futi nne kwa futi nne, kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, nikaipeleka kifua mbele. Kuiweka ukutani kona tatu zimekaa, ya nne imetoka nje upana wa kidole. Nikajilaumu mkono karibu mwezi mzima, napunguza ampia, naongeza ampia, nabadili rodi, wapi. Mpaka siku jirani yangu fundi mwashi kaacha pima maji yake juu ya ile meza, jua linazama, nikaona mwanga unapita chini yake pale katikati. Meza ilikua imebonyea kama sinia. Mkono ulikua mzima, mgonjwa alikua meza.

Ndo maana nasema meza ya kuchomelea usiichukulie kama sehemu ya kuwekea vitu. Ni rula. Kila utakachounga juu yake kitanakili umbo lake, ikiwa imepinda utatoa kazi iliyopinda kila siku na hautajua kwanini. Sasa wewe unaeanza ukiwa na hela kidogo na uwa mdogo, kipi cha kuangalia, tuanze na juu kabla ya miguu.

Unene wa juu. Shiti nyembamba kwanini inabonyea? Ukichomelea juu yake, au ukaigusa na rodi kwa bahati mbaya, sehemu ile inapata joto inataka kutanuka, chuma baridi kilichoizunguka hakiipi nafasi, ikipoa inasinyaa kuliko ilivyokua mwanzo na inavuta wenzake. Mara moja hauoni kitu, mara hamsini meza imekua karai. Pleti nene ina mwili wa kumeza joto likasambaa, na hata ukiigonga nyundo haishtuki.

Mi nasema milimita 6 ndo ya kuanzia. Ukikuta ya 5 imenyooka na bei imekaa vizuri chukua usiulize, ya 8 ni raha, ya 10 tamu ila mfikirie na atakaeibeba. Kuna hesabu moja ndogo ikae kichwani: chuma cha kawaida, mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene ni kilo 7.85. Kwahiyo kipande cha sentimita 90 kwa 60 kikiwa cha milimita 3 ni kilo 12 na kitu, cha 6 ni kilo 25, cha 8 ni kilo 34, cha 10 ni kilo 42. Hii hesabu sio ya darasani. Kwa watu wa skrepa wanakupimia kwa kilo, na ukishajua kipande kinatakiwa kiwe na kilo ngapi basi mzani ukisoma 34 kwa pleti uliyoambiwa ni ya sita unajua kuna mawili, au umepewa ya nane au unapigwa.

Wapo watakaokwambia chukua ya milimita 3 afu ipigie engo laini (chuma chenye umbo la herufi L) kwa chini iwe ngumu. Kwa fundi mwenye mkono uliotulia inawezekana. Kwa anaeanza, zile engo laini unavyozichomelea kwa chini ndo zenyewe zitaivuta pleti ibinuke, yani unaiharibu meza siku ya kuitengeneza. Achana nayo.

Ukubwa: 90 kwa 60 inatosha, nakuapia. Najua kichwani una picha ya kuchomelea geti. Geti hauchomelei juu ya meza ya nyumbani, geti la gari lina futi kumi mpaka kumi na mbili, ukitafuta meza yake utakua umejenga daraja. Ile grili ya futi nne ni sentimita 122, ukiikalisha kwenye 90 inaning'inia sentimita 16 kila upande, unaibana na klampu maisha yanaendelea. Stuli, stendi ya jiko, shelfu la vyombo, kiti cha mtoto, vyote vinakaa. Shiti nzima ya futi nne kwa nane ya milimita 6 ina kilo 140, mtu akikushauri uinunue nzima muulize atakuja kukusaidia kuishusha?

Pa kupata. Kwa sisi wa Dar, Gerezani pale Kariakoo ndo kila mtu atakutajia na hajakosea, vyuma vipya na vya zamani vipo mtaa mmoja, na mafundi wa kukukatia wapo hapohapo. Ila kwa meza sio lazima uende kuuliza pleti mpya. Uliza vipande, yale mabaki ya kazi kubwa, tenki au bodi ya lori, wanakua na vipande vya 6 na 8 ambavyo kwao havina kazi tena na kwako ndo meza. Skrepa za Buguruni na Vingunguti nako unaweza kuzungukia ukiwa na subira ya kupekua. Kutu ya juu isikutishe, grenda itaisafisha. Vishimo vya kutu navyo sawa tu.

Usichokubali ni pleti iliyopinda. Muuzaji atakwambia "hiyo tunaigonga nyundo mbili tatu inanyooka". Haitanyooka! Kunyoosha pleti ya milimita 6 ni ufundi wa peke yake, mi nimeona watu wazima wanatoka jasho wanaishia kuhamisha kibonyeo toka katikati kwenda pembeni.

Namna ya kupima, beba vitu vitatu: ile aluminiamu ndefu ya kunyooshea plasta (muazime fundi mwashi), uzi, na kadi yako ya ATM. Pleti iweke mahali ilipokaa vizuri, weka aluminiamu kwa kusimama juu yake, kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona pande zote mbili, afu chungulia kwa chini mwanga unapita wapi. Pakiwa na uwazi jaribu kupitisha kadi. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Kadi haipiti, hiyo pleti ni dhahabu, lipa uondoke kabla hajabadili mawazo. Inapita moja kwa kubana, kwa grili na fanicha za nyumbani bado inafaa. Zinapita mbili zikiwa zimepandana, rudisha.

Uzi ni wa kupima kujinyonga, yani pleti ambayo kona mbili ziko juu na mbili chini kama chapati iliyotolewa vibaya. Funga uzi toka kona hii mpaka ile ya mshazari, na mwingine kona zilizobaki, ivutwe kweli, kila ncha ikae juu ya kitu chenye unene sawa, mfano sarafu za aina moja. Pale katikati zinapopishana zinatakiwa ziguse tu, kubusu. Mmoja ukiwa juu ya mwenzake kuna nafasi, badili, wa chini uwe juu, uone kama unamsukuma mwenzake. Pleti iliyojinyonga hauioni kwa macho hata uwe na macho ya kunguru.

Na pima BAADA ya kukata sio kabla. Hapa watu wengi wanaliwa. Unapima kipande kikubwa kiko bapa kabisa, unamwambia akate 90 kwa 60, anakata kwa gesi, joto la gesi linaukunja ule ukingo wote, wewe umeshalipa unaondoka unafurahi. Kama dukani wana mashine ya kukata shiti omba wakate nayo, kama ni gesi subiri kipoe kabisa ndo upime. Ukingo uliokatwa na gesi unakua na magamba magumu, usage na grenda usije ukakuchana.

Kitu kingine, utaletewa vitu vizito vinavyovutia kwa bei ya kutupa: mfuniko wa chemba ya barabarani, kipande cha reli, pleti ya kibao cha barabara. Vile ni mali ya umma, vimeng'olewa mahali, na ukikutwa navyo maelezo utayatoa kituoni. Meza nzuri haina thamani hiyo.

Kusafirisha, tafadhali sio bodaboda. Pleti ya kilo 25 yenye ncha kali kwenye mapaja ya abiria, na breki ya ghafla pale Buguruni, hapana. Bajaji au guta, ukiwa na mizigo mingi tafuta kirikuu.

Sasa miguu, na hapa sitachukua muda sana kwasababu miguu haina maajabu, kazi yake ni kusimama na kutotikisika. Skwea paipu (bomba la mraba) ya milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2, ukisema geji 14 wanakuelewa. Usichukue geji 18, ni ya milimita 1.2 tu na wewe unaeanza utaitoboa mpaka ukate tamaa na fani. Unahitaji paipu mbili nzima, zile za mita 6. Kwa meza ya 90 kwa 60 fremu ya chini yake ifanye 80 kwa 50, ili pleti izidi sentimita 5 kila upande, huo mzidio ndo mahali klampu inapong'ata, meza isiyo na mzidio haishiki klampu na meza isiyoshika klampu ni kaunta.

Paipu ya kwanza kata miguu minne ya sentimita 84, vipande viwili vya 80 vya fremu, na kimoja cha 72 cha kuunga miguu kwa chini upande wa nyuma. Jumla ni 568, kwahiyo hata wakikuuzia ile ya mita 5.8 bado inatosha pamoja na unga unaoliwa na diski. Paipu ya pili kata vinne vya 42, viwili vya kufunga fremu ya juu kati ya zile 80, viwili vya kuunga miguu kwa chini ubavuni. Mbele kwa chini acha wazi, miguu yako na stuli viingie. Paipu ya pili inabaki na mita nne na kitu, usiiuze, tutairudia.

Fremu ya juu uunge kwanza, ikiwa imelala, sio juu ya simenti tupu (umesoma habari ya mguu wangu), weka vipande vya chuma chini yake viinyanyue. Piga teki tu (weldi fupi ya kushikilia) kona zote nne, teki ndogo, afu pima mishazari. Kwa fremu ya 80 kwa 50 mshazari ni sentimita 94.3, ila namba yenyewe sio muhimu kama yote miwili kuwa sawa. Haiko sawa, sukuma kona, teki bado zinakubali kusukumwa, fulu weldi haikubali mtu. Ikikaa sawa ndo unachomelea, na usimalize kona moja kabla ya nyingine, chomea kidogo hapa, ruka kona ya mshazari, rudi. Rodi ya milimita 2.5 ile aina ya 6013, ampia 60 mpaka 80 kwa paipu ya milimita 2, jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Miguu nayo hivyohivyo, teki, skwea, teki, angalia kwa mbali, ndo uunge.

Ukiwa umenunua paipu zilizopakwa zinki, zile za kung'aa kama mabati, saga zinki yote itoke pale unapochomelea na ukae mahali penye upepo. Moshi wake mweupe ukiuvuta, masaa machache baadae usiku unashikwa homa, baridi, viungo vinauma, unakimbilia kupima malaria hamna kitu. Inaisha yenyewe siku moja au mbili lakini usiizoee. Na maziwa ambayo mafundi wanakunywa, kunywa kama una njaa, hayazuii moshi kuingia kifuani.

Chini ya kila mguu weka nati ya bolti nene, M16 hivi, na bolti yake ikae kichwa chini. Ndo utakavyosawazisha meza kwenye uwa wa Dar ambao hauna sentimita kumi zilizo sawa. Kipande kidogo cha flati baa (chuma bapa) chenye tundu, nati umeichomea juu ya tundu, umeziba nacho mdomo wa paipu. Gharama yake chai na chapati. Matairi mi siyapendi, yale ya bei rahisi yanacheza, na meza inayocheza ukigonga nyundo inahama na kazi yako. Kama lazima uihamishe kila jioni, weka mawili tu upande mmoja, yawe juu ya sakafu kidogo, yaguse ukinyanyua upande wa pili kama toroli.

Sasa kuunganisha pleti na fremu. NAOMBA USIIZUNGUSHIE WELDI. Umehangaika na kadi ya ATM na uzi, umepata pleti iliyonyooka, afu unaizungushia weldi mita mbili na nusu kwa chini, ikipoa imejikunja kama samaki wa kukaanga. Funga kwa bolti: vipande vya engo laini vya sentimita 4 vinne au sita, vichomee kwenye fremu pekee kabla haujaweka pleti, toboa, bolti zipite mpaka kwenye pleti. Vichwa vya bolti vizame kidogo visisumbue juu. Kama kutoboa pleti ya 6 ni shida basi teki sita za sentimita mbili mbili, moja moja, kila moja ipoe kabla ya nyingine. Bolti nazipenda zaidi kwasababu miaka ikienda na upande wa juu ukichakaa unageuza pleti, unapata meza mpya bure.

Pleti ikikaa, rudia kupima na aluminiamu. Pakiwa na nafasi kati ya fremu na pleti usikaze bolti mpaka pleti ifuate fremu, weka washa nyembamba (kile kipete cha bolti) pale kwenye uwazi. Pleti ndo bosi, fremu inamfuata.

Urefu wa kwenda juu: simama, kunja kiwiko kama umebeba trei, meza iwe chini ya kiwiko sentimita 5 mpaka 10. Kwa watu wengi ni kati ya 85 na 95, hiyo uliyokata ya 84 ukijumlisha fremu, pleti na bolti za chini inafika 90. Ukipenda kukaa kwenye stuli punguza mpaka 75. Mi nilikua nabisha nakaa, siku hizi nasimama, cheche zikidondoka ukiwa umekaa zinadondokea pale ambapo haupendi.

Ethi, yani ule waya wa pili unaorudisha umeme kwenye mashine. Klampu ya ethi usiing'atishe popote palipopatikana, chomea kipande cha flati baa kwa chini pembeni, kisage king'ae, usikipake rangi, hapo ndo mahali pa ethi siku zote. Juu ya meza usipake rangi kabisa, umeme hautapita na rangi itaungua itoe moshi mbaya. Na ukumbuke ukichomelea, meza nzima ni sehemu ya njia ya umeme, kwahiyo simu haikai juu yake, mkono uliolowa jasho hauegemei, na holda yenye rodi hailazwi mezani, itengenezee kipande cha mbao ubavuni uitundike. Sakafu ikiwa na maji, pumzika.

Umezunguka wiki mbili pleti iliyonyooka hamna? Ipo njia nyingine ambayo wengi wanaidharau, meza ya mapengo. Unachukua chaneli (vyuma vyenye umbo la herufi U), za milimita 75 au 100, nne au tano, unazipanga mgongo juu, kati ya moja na nyingine unaacha nafasi ya sentimita 3 au 4. Chaneli kwa umbo lake haipindi kirahisi, na zile nafasi ni tamu sana, klampu inaingia popote hata katikati ya meza, grenda inapata pa kupita, magamba yanadondoka chini yenyewe. Kuzisawazisha ndo kazi, kila chaneli unaifunga kwa bolti na kuweka washa chini yake mpaka aluminiamu izikalie zote kwa pamoja. Ubaya wake nati ndogo zinapita kwenye nafasi unaanza kuzitafuta na tochi, na cheche zinakuja miguuni, viatu vya ngozi sio hiari. Kwa mtu ambae anajua atafanya grili na fremu za madirisha zaidi ya vitu vingine, kusema ukweli naona hii inaweza kumfaa kuliko pleti. Flati baa nazo wanatumia badala ya chaneli, ila ziwe na unene wa milimita 10 au zaidi na zikae kwenye fremu iliyokaza, la sivyo zinacheza kama ulimi.

Vingine utakavyoshauriwa. Meza ya mbao iliyowekewa bati juu: mbao inaungua taratibu chini ya bati wewe hauioni, unaenda kula unarudi kuna moshi. Meza ya chuma cha pua toka jikoni kwa hoteli iliyofungwa, inapendeza, lakini juu yake ni shiti nyembamba, na kile chuma kinatanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida na joto lake halisambai, kitajikunja ndani ya wiki. Pipa la mafuta la kukata katikati: hilo sitaki hata tujadili, pipa lililobeba petroli au tina (ile ya kuyeyushia rangi) likiwa tupu linabaki na mvuke, ukilipiga cheche linalipuka kama bomu na kusuuza na maji hakukupi uhakika.

Meza ikae wapi? Kivuli chenye upepo, mbali na mtungi wa gesi wa jikoni, karibu na soketi ili waya wa ekstensheni uwe mfupi na mnene, ule mwembamba mrefu unapata moto na mashine inakosa nguvu unadhani mbovu. Saa saba mchana jua la Dar likiipiga pleti ya 6 hauiegemei, mi nimeungua bila kuwasha mashine. Masika ikiingia mwezi wa tatu hautakua na pa kufanyia kazi kama hamna paa juu.

Majirani pia. Uwa wa kupanga una watoto, na mtoto akiona mwanga wa buluu anakuja kuangalia, usiku analia macho yamejaa mchanga. Simamisha kizuizi kati ya meza na njia, mabati mawili kwenye fremu yanatosha, turubai la nailoni halifai linashika moto. Waambie na wenzako muda unaochomelea, mama wa chumba cha tatu akianika nguo zake cheche zikatoboa kanga utanunua doti mpya, na atachagua yeye.

Ukiwa unakaa Kigamboni au Kunduchi, chumvi ya bahari itaivaa meza kwa kutu ndani ya siku chache. Jioni ukimaliza pitisha tambara lenye oili kidogo sana, asubuhi kabla ya kazi futa yote ikauke, maana oili chini ya moto ni moshi. Vidonge vya rodi vilivyoganda juu vitoe na tindo siku hiyohiyo, kidonge kimoja chini ya skwea paipu kinakurudisha kwenye yale mambo ya grili yangu.

Na ile mita nne iliyobaki, kazi ya kwanza juu ya meza yako iwe stendi mbili za kuegeshea vyuma virefu. Moja inatoka kwenye hiyo paipu bila shida na mbili ukibana matumizi: nguzo, kipande cha 40 juu kama herufi T, na vidole vitatu chini. Vidole vitatu sio vinne, kitu cha miguu mitatu hakitikisiki popote. Urefu wake upime toka juu ya meza mpaka chini palepale zitakaposimama, ziwe sawa na meza kabisa, zikizidi hata nusu sentimita paipu ya mita sita itanyanyuka upande wako na utakua unakata mshazari huku unadhani unakata wima.